Picha ya timu ukumbini: wa mbele weupe, wa nyuma gizani

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Morogoro, kazi yangu ni harusi na sendofu, sa kuna kocha kaniomba nipige timu yake ya kikapu, wasichana chini ya miaka 16, wako 14 na makocha 2, ndani ya ukumbi wa shule. Nimejaribu na flashi juu ya kamera: mstari wa mbele wametoka weupe mpaka pua hazionekani, wa nyuma giza, ukutani vivuli vya vichwa. Paa ni mabati na liko juu sana. Ninunue flashi yenye nguvu zaidi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hela tunza kwanza, ukiibandika kubwa palepale juu ya kamera utapata picha ileile. Kinachokuumiza ni umbali. Mwanga wa flashi ukienda mbali mara 2 unabaki robo tu, yaani flashi ikiwa mita 2 kutoka mstari wa mbele na wa nyuma wako mita 3 na nusu, wale wa nyuma wanaambulia kama theluthi ya wanachopata wenzao, lazima wazame. Itoe flashi juu ya kamera, ipandishe kwenye stendi, uirudishe mpaka mita 5 kutoka mstari wa mbele, wa nyuma wanakuwa mita 6 na nusu, hapo wanapata karibu asilimia 60 na kilichobaki unakirekebisha kwa kuinua stendi hadi mita 2 na nusu au 3 halafu katikati ya mwanga unaielekeza kwa wa nyuma, wa mbele waguswe na ukingo tu.

Gharama yake ni kwamba mwanga unaofika unapungua kama mara 6, ndo maana ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) inapanda kutoka 100 hadi 640. Usiogope, kamera za siku hizi hapo hata hazikohoi. Tundu la lenzi weka f/5.6, ile f/1.8 iliyo wazi sana ya bibi harusi iache nyumbani maana mstari mmoja utakuwa mkali na mwingine ukungu. Fokasi mstari wa kati. Na wabane! Wa mbele wakae chini, wa kati benchi, wa nyuma wasimame magoti yakigusa benchi, ukipunguza nusu mita hapo umesaidia taa bila kutoa hata shilingi.

Flashi ya pili azima kwa mwenzako, ya kawaida tu ya manyuo (nguvu unaipanga mwenyewe) na triga (kidude cha kuilipua kutoka kwenye kamera), kila moja na mwamvuli wake, nguvu sawa. Zikae kushoto na kulia kwako, zisiende pembeni kabisa, maana mchezaji mrefu wa mwisho atamtupia jirani yake kivuli usoni na huyo jirani mama yake ndo atakupigia simu. Ya kushoto iangalie walio kulia, ya kulia iangalie walio kushoto. Timu isogee mita 3 kutoka ukutani, vivuli vitaangukia sakafuni.

Tyubu za ukumbini nazo zina ukijani wake. Shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) weka 1/160 ya sekunde, zima flashi, piga moja ya majaribio: ikitoka karibu nyeusi yote, tyubu hazina neno tena, rangi inaamuliwa na flashi zako. Ukumbi ukionekana bado, omba wazime. Usipandishe shata hovyo, kamera nyingi ukivuka 1/200 au 1/250 na flashi hizi mstari mweusi unakula picha.

Ukikosa kabisa flashi ya pili, geuza hiyo moja igonge ukuta mweupe ulio nyuma yako. Ila shule zetu zinapenda kupaka bluu au kijani nusu ya chini, so lenga juu ya hapo, la sivyo watoto wote wanatoka kama wagonjwa.

SWALI: Mimi niko Mombasa, klabu ya karate ya watoto, sare nyeupe tupu. Sare zinatoka poa, nyuso nyeusi tii. Kamera mbovu?

JIBU: Kamera ni nzima, umeiachia iamue yenyewe. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na watoto wetu weusi ndo wanaolipia. Hata flashi ikiwa ya otomatiki inafanya hivyohivyo. Weka kila kitu manyuo, kuza picha kwenye skrini uangalie uso wa mtoto mweusi kuliko wote, ongeza mwanga mpaka macho yake yaonekane vizuri, kisha hakikisha mikunjo ya sare bado ipo. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo unaweza kulirekebisha mwanga baadaye. Na piga kabla ya mazoezi jamani, jasho chini ya flashi linang'aa na hakuna programu ya kulifuta kwa watoto 20 bila wewe kukesha.

SWALI: Mtoto mwenye miwani, kila picha duara nyeupe machoni. Nimtoe miwani?

JIBU: Usimtoe, ndivyo wenzake wanavyomjua. Pandisha taa zaidi, mwambie ashushe kidevu kidogo, na mikono ya miwani iinuliwe kidogo juu ya masikio ili vioo viangalie chini. Bado ipo? Msogeze hatua moja kuelekea katikati ya mstari, halafu angalia tena.