TBC ya Mikocheni na TBC ya barua pepe

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwaka huu nimepata kazi katika ofisi moja hapa Dar es Salaam ambayo wakubwa wake wengine wako London. Barua pepe zao zimejaa vifupisho: FYI, ASAP, COB, TBC. Mwezi uliopita nilialikwa kwenye semina, na penye mahali pameandikwa "TBC". Nikaamka alfajiri, nikapanda daladala mbili kutoka Mbagala hadi Mikocheni. Mlinzi wa getini akaniuliza, "Semina ipi, dada?" Nikampa simu asome, akasoma mara mbili, akanirudishia. Tangu siku hiyo ofisini naitwa Mtangazaji. Naomba unisaidie nivielewe. Na mbona Kiswahili hatuna vya kwetu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa nauli. Mtanzania akiona TBC anawaza Shirika la Utangazaji, kwa hiyo hata mimi ningeweza kufika Mikocheni. Kwenye mwaliko ule herufi hizo zilisimama badala ya "to be confirmed", yaani ukumbi ulikuwa bado haujathibitishwa. Ukikutana na TBA, hiyo ni "to be announced", utatangazwa. Wanaoandika kwa uangalifu huzitofautisha: mwenye TBC ana ukumbi anaoufikiria na anangoja jibu, mwenye TBA hana la kukuambia kwa sasa. Wengine huzichanganya tu.

Kifupisho kikivuka mlango hubadilika maana. Chukua PM. Kwenye gazeti la Kiingereza ni waziri mkuu. Kijana akikuandikia "njoo PM" anataka mwongee faragha, kando ya kundi. Kwenye ratiba ni Kilatini, "post meridiem", baada ya adhuhuri, na hapa pana mtego kwetu sisi tunaoanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Nimewahi kusoma tangazo la kikao cha wazazi lililosema "Saa 2:00 AM". Aliyeandika alikusudia saa mbili asubuhi. Anayefuata Kiingereza anaona saa nane za usiku, saa ambayo wanga ndio wanarudi makwao. AM na PM zinakwenda na saa za Kizungu tu: andika 8:00 AM, au andika saa mbili asubuhi, usizifunge ndoa. Na ukiona "3:00 PM EAT", usidhani utakaribishwa chakula. EAT ni "East Africa Time", saa za Afrika Mashariki, na kikao ni saa tisa alasiri.

Hiyo COB inayokuhangaisha ni "close of business", mwisho wa saa za kazi. Swali la kuuliza ni kazi ya nani. Mtu wa London akifunga ofisi saa kumi na moja jioni, hapa ni saa mbili usiku wakati wa baridi yao, na saa moja usiku wakati wa kiangazi chao. Mjibu kwa adabu umwulize anatumia saa za wapi. Ukinyamaza utakesha bure, au utachelewa bila kujua.

ASAP, "as soon as possible", ilikomaa katika jeshi la Marekani na harufu ya amri haijaitoka. Mkubwa anaweza kumwandikia mdogo. Mdogo akimwandikia mkubwa, inasomeka kama anamnyooshea kidole. Kiswahili chake cha ofisini ni "haraka iwezekanavyo", lakini kwa mtu unayemheshimu sema "nitashukuru nikiipata leo".

FYI ndiyo inayonipendeza zaidi, kwa sababu tafsiri yake ipo na ina miiba. "For your information" neno kwa neno ni "kwa taarifa yako". Sasa jisikilize ukilitamka. "Kwa taarifa yako, mimi sikuja hapa kuomba." Hayo ni maneno ya watu waliokwisha shikana mashati! Kwenye Kiingereza cha ofisini FYI huwa baridi tu: soma, hakuna unalotakiwa kufanya. Ukitaka kuifikisha kwa Kiswahili bila kugombana na mtu, ondoa "yako". Majalada ya serikali yameandika "kwa taarifa" miaka nenda miaka rudi, na palipo na kazi huongezwa "na utekelezaji". Herufi tatu tu, na kosa lake linaweza kukununulia adui.

Hapo umeshaona kwamba vya kwetu tunavyo. Barua ya maombi ya kazi uliyoiandika wewe mwenyewe bila shaka ilikuwa na S.L.P. juu na YAH: katikati, kifupi cha "yahusu". Ungekuwa Kenya ungeandika KUH: au MINT:, yaani mintarafu. Tuna n.k., k.v., taz., uk., Bw., Bi., Dkt. Kule chini ya barua ambako Mwingereza anaandika cc, akikumbuka enzi za karatasi ya kaboni, sisi tunaandika "Nakala".

Ila Kiswahili hakifupishi kwa mkono ule ule. Mwingereza anachukua herufi ya kwanza ya kila neno na kuacha konsonanti zisimame zenyewe. Ulimi wetu unataka irabu, kwa hiyo tukiwa na nafasi tunachukua silabi. Baraza la Kiswahili la Taifa likawa BAKITA. Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa zikawa TAMISEMI. Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ni TAKUKURU. Upungufu wa Kinga Mwilini ukawa UKIMWI, neno linalotamkika sawasawa hadi bibi kijijini halijui kama lilianza likiwa kifupisho. Wanaisimu huita maneno ya namna hii akronimu. VVU na S.L.P. ni za mkondo wa Kizungu, na angalia: hizo tunazitaja herufi moja moja, hakuna anayejaribu kuzitamka kama neno.

Vijana wa simu nao walibuni njia ya tatu, ambayo naona haipewi heshima yake. Ujumbe mfupi ulibeba herufi 160 na kila ujumbe ulilipiwa, kwa hiyo kila irabu ilikuwa gharama. (Ujumbe wa kwanza kabisa, uliotumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ulisema "Merry Christmas" bila kufupishwa herufi hata moja.) Ndipo zikaja "lkn" na "kwn". Ndipo zikaja pia "m2", "wa2", "k2" na "cjui". Tazama "m2" kwa karibu. Ukiisoma Kiswahili ni "m-mbili", haina maana. Ili upate "mtu" lazima uitaje 2 kwa Kiingereza. Na "cjui" inataka jina la Kiingereza la herufi c, ambayo kwetu haisimami peke yake, husimama na h tu. Kijana anayeandika hivyo hajaazima neno lolote la Kiingereza. Ameazima majina ya herufi na tarakimu, akayapachika kwenye silabi za Kiswahili. "Xaxa" sina utetezi nayo. Haipunguzi hata herufi moja.

Usidhani pia kwamba Waingereza waliyapata haya kwenye simu. OMG, "oh my God", imo katika barua ambayo Admirali John Fisher alimwandikia Winston Churchill mwezi Septemba 1917, akieleza kirefu chake kwenye mabano. Na wenyewe hukosea: mwaka 2012, kwenye uchunguzi wa hadhara kuhusu magazeti ya Uingereza, ilisemwa kwamba Waziri Mkuu David Cameron alikuwa akimalizia ujumbe wake kwa LOL akidhani ni "lots of love", hadi alipoambiwa kwamba ni "laughing out loud", kucheka kwa sauti. Kwa Kiswahili usiihangaikie LOL. Andika "hahaha" au "sina mbavu", kila mtu atakuelewa.

Kimoja hukukiuliza, lakini najua unakutana nacho kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: RIP. Ni Kilatini, "requiescat in pace", apumzike kwa amani, na bahati imetaka Kiingereza kipate herufi zile zile. Ubaya wake kwetu ni kwamba inasema na marehemu, wakati mila yetu inataka useme na waliobaki. Mwenzako amefiwa na mama, watu 40 wanapanga RIP, RIP, RIP, na hakuna aliyempa pole. Andika "Pole sana, dada. Mungu awape nguvu." Akiwa Mwislamu, mwandikie "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", nayo usiikate.

Na hao wanaokuita Mtangazaji, kesho waulize ile "Re:" inayotangulia kila barua pepe wanayojibu ni kifupi cha nini. Wengi watakuambia ni "reply". Ni Kilatini, "in re", katika jambo la. Yaani ni YAH: yetu ile ile.