Kidani kinachogeuka rangi: maswali yenu

Mliniletea maswali mengi kuhusu vidani vya mwezi wa kuzaliwa, yaani vyenye kito kinachohesabiwa kuwa cha mwezi aliozaliwa mvaaji, na karibu yote yanahusu vile vinavyogeuka rangi. Basi leo ni hivyo tu.

*Habari yako, dada. Mke wangu alizaliwa tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi. Hapa Kampala nimeonyeshwa kidani cha aleksandriti, kito cha Juni kinachogeuka rangi, kwa shilingi 60,000, na muuzaji anaapa kwamba ni kito cha kuchimbwa. Nimwamini? – Msomaji wa Bombo*

Kwa bei hiyo, kaka, usimwamini, ila usimkimbie pia.

Aleksandriti ya kuchimbwa ni adimu mno. Iligunduliwa milima ya Ural, Urusi, miaka ya 1830, ikapewa jina la Alexander, mrithi wa ufalme aliyekuja kutawala kama Alexander II. Siku hizi hutoka pia Brazili, Sri Lanka, na hata kwa jirani zetu Tanzania, huko Tunduru na karibu na Ziwa Manyara. Iliyo safi na inayogeuka vizuri huuzwa maelfu ya dola kwa karati moja, na karati ni gramu 0.2 tu, punje ya mahindi inaishinda kwa ukubwa. Piga hesabu mwenyewe uone kama 60,000 zetu zinafika huko.

Anachokuuzia huenda ni yakuti ya maabara iliyotiwa vanadiamu, metali inayoifanya igeuke rangi. Hiyo ndiyo imejaa sokoni kwa jina la aleksandriti. Utaijua kwa rangi: mchana ni buluu yenye ukijivu, na ukiisogeza karibu na mshumaa inakuwa zambarau. Aleksandriti yenyewe hutoka kijani ikaenda kwenye wekundu. (Ipo pia aleksandriti halisi iliyokuzwa maabara, ila nayo haipatikani kwa bei ya mezani.)

Yakuti hii si ya kudharau. Ni ngumu, haikwaruziki ovyo, na inang'aa. Kama mke wako ataipenda zambarau ile, nunua, lakini iwe kwa jina lake na kwa bei yake. Mimi ningeanza na 30,000, kisha zinazobaki ningeziongeza kwenye mkufu wa fedha wenye muhuri wa 925 (yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha tupu), maana katika vidani vya bei nafuu jiwe hudumu, mkufu ndio unaokufa mapema. Mwombe pia akuandikie kwenye risiti kama jiwe ni la maabara au la kuchimbwa. Akikataa kuandika, umeshajibiwa.

*Dada, dukani kilikuwa kinageuka vizuri kabisa. Nimefika nacho nyumbani, rangi ni ileile asubuhi hadi usiku. Nimeibiwa? – Msomaji wa Mbale*

Huenda hujaibiwa. Una taa za aina gani?

Juzi umeme ulikatika kwangu saa mbili usiku, nikapata nafasi ya kujaribu. Kidani changu kilikuwa juu ya meza ya jikoni, na chini ya balbu nyeupe ya LED kilikuwa na buluu ileile ya mchana. Nilipowasha tadooba, kile kibatari cha mafuta ya taa, na kukisogeza karibu na utambi, jiwe likageuka zambarau iliyokolea kama juisi ya zabibu. Mwanangu akakivuta hadi kwenye tochi ya simu, likarudi buluu. Tukacheza hivyo mpaka umeme uliporudi.

Sababu ni hii: jiwe hupitisha kijani-buluu na nyekundu karibu sawa, kwa hiyo jicho linaona ile iliyoletwa kwa wingi na mwanga. Jua la mchana lina buluu na kijani tele. Moto, pamoja na zile balbu za zamani za waya, una wekundu tele. Balbu nyeupe za kubana umeme tulizojaza majumbani zinafanana zaidi na mchana. Wauza vito wengine wanalijua hilo, na kabati zao huwa na taa za manjano. Jaribu na mshumaa. Kisipogeuka hapo, kirudishe.

*Changu kinageuka kila nikikivaa, muuzaji alisema kinaonyesha hasira na mapenzi. Nimeoga nacho mara chache tu, sasa ni cheusi tii. – Msomaji wa Busia*

Pole, mdogo wangu. Hicho hakikuwa kito cha mwezi wowote. Ndani yake mna kioo juu, na chini yake tabaka jembamba la fuwele za majimaji zinazogeuka rangi kwa joto. Ukiwa na baridi hugeuka kahawia au nyeusi, ngozi ikipata joto huwa kijani na buluu. Hasira yako haimo. Maji yakishapenya humo, weusi haubanduki, na hakuna sonara wa kukitengeneza. Ukinunua kingine, kivue kabla ya kuoga na kabla ya kufua.

*Mama mkwe anasema vito vya miezi ni ushirikina. – Msomaji wa Jinja*

Ya dini muulize shehe au padri wako. Ninachojua mimi ni kwamba orodha inayotumika leo ilipangwa na chama cha wauza vito wa Marekani mwaka 1912, mjini Kansas City. Aleksandriti iliongezwa kuwa kito cha Juni mwaka 1952, na tanzanaiti ikaingia kuwa kito cha Desemba mwaka 2002. Mimi naona biashara tupu.

*Shingo yangu inageuka kijani, na sasa inawasha. Nisafishe kidani na nini? – Msomaji wa Arua*

Hayo ni mambo mawili. Ukijani ni shaba iliyo chini ya rangi ya dhahabu ya kuchovya. Jasho na losheni vinaitoa. Hauna madhara, unatoka kwa sabuni. Muwasho ni jambo jingine, mara nyingi ni nikeli, na ngozi ikishaikataa haisahau. Acha kukivaa. Jiwe litoe, ulihamishie kwenye mkufu wa fedha 925 au wa chuma cha pua kisichoshika kutu.

Kusafisha: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, kisha kausha kwa kitambaa cha pamba. Lakini kwanza geuza kidani uangalie nyuma. Kama jiwe limebandikwa kwa gundi badala ya kushikwa na kucha za chuma, usiliroweke, lipanguse tu. Na tafadhali, dawa ya meno msiitumie. Niliwahi kusugua nayo mkufu wangu wa kuchovya kwa dakika mbili, dhahabu yote ikabaki kwenye mswaki. Majivu na ndimu ni vilevile.

Marashi na losheni vitangulie, mkufu uvaliwe mwisho. Ukiuvua, ufunge kifungio kabla ya kuuweka kwenye kifuko chake, la sivyo asubuhi utaamka na fundo. Fundo likishakuwepo, weka tone la mafuta ya kupikia na utumie sindano mbili.

*Naweza kulala nacho? – Msomaji wa Entebbe*

Hapana.