Mkuu weka hiyo sponji chini, usiipeleke bombani

Mkuu subiri kwanza. Umeandika una tenki la samaki la lita 100, lina wiki tatu, ndani kuna gapi na enjelifishi wawili, maji yameanza ukungu mweupe na sponji ya filta imegeuka kahawia, kwa hiyo Jumamosi unatoa samaki wote kwenye ndoo, unamwaga maji yote, unaosha mawe na sponji bombani "mpaka vitakate" halafu unajaza maji mapya. Halafu hapo chini ndo ukaweka maswali yako, uongeze samaki gani, chakula mara ngapi, taa iwake masaa mangapi, na kama kwa Dar hita inahitajika. Maswali mazuri sana ila yote ni ya mtu mwenye samaki hai. Ukishafanya hiyo Jumamosi yako hutakuwa na wa kumwekea hita.

Sponji haioshwi kwa maji ya bomba. Sirudi nyuma kwenye hilo hata aje nani. Hiyo rangi ya kahawia unayoiita uchafu ndo inayofanya gapi wako waamke asubuhi.

Sasa nikueleze nimelijuaje hili, maana sikulisoma popote, nimelilipia. Mimi nilikuwa na tenki la lita 240 sebuleni, mbuna watupu, wale wa miamba ya ziwa Nyasa. Walikuwepo wale wa njano ambao kila mtu anao, ila kiburi changu chote kilikuwa demasoni. Kama humjui, ni samaki mdogo hafiki sentimita 10, bluu na mistari myeusi mwili mzima, na kwao ni huku kwetu, miamba ya Pombo upande wa Tanzania. Ana hasira kuliko mwili wake, ukiweka wawili watatu wanauana, kwa hiyo inabidi uwe na kundi, kumi na mbili kwenda juu, ugomvi ugawanyike kila mtu apate kidogo kidogo. Kundi langu nililikusanya taratibu kwa jamaa mmoja aliyekuwa anateremka nao kutoka Mbamba Bay, leo wawili, baada ya mwezi watatu, yaani hela ya kodi ya nyumba imeogelea humo na mama watoto mpaka leo hajui bei kamili (na kama unasoma hapa mke wangu, walikuwa wa zawadi).

Wale samaki waliishi vizuri karibu mwaka mzima, wakazaana mpaka vifaranga ukawa unaviona vinachungulia kwenye nyufa za mawe. Na unajua siri ilikuwa nini? Uvivu wangu. Nilikuwa natoa maji kidogo nikikumbuka, naongeza, basi. Filta sikuwahi kuifungua mpaka itoe maji kwa kujikongoja, na hata hapo nilikuwa naiminya tu kwenye ndoo ya maji yaleyale niliyotoka kuyatoa kwa sababu nilikuwa naona uvivu kwenda bafuni. Bila kujua nilikuwa nafanya kila kitu sawasawa.

Balaa likaanza siku nilipoamua kuwa mtu msafi. Wakwe walikuwa wanakuja mara ya kwanza, nikataka waikute sebule inang'aa. Nikakumbuka maneno ya muuzaji aliyeniuzia ile filta, alinipa kanuni yake siku ile kwa kujiamini kabisa: "Bosi kila mwezi mwaga yote, sugua kila kitu, sponji ikirudi rangi yake ya dukani ujue samaki wako freshi." Nikajisikia vibaya kwamba nimewatesa viumbe mwaka mzima kwenye uchafu, si ndo nikakunja suruali. Samaki kwenye beseni. Maji yote nje. Mawe brashi. Mchanga nimeusuuza mpaka maji yake unaweza kunywa. Sponji nimeifungulia bomba lote na kuikamua kama soksi za mwanafunzi wa bweni, ilitoka nyeupe mpaka nikaipiga picha.

Maji mapya yalikuwa yamelala kwenye simtenki siku kadhaa kwa hiyo klorini ilishapungua, samaki hawakufa palepale, na hapo ndo nilipodanganyika. Wangekufa palepale ningejua nimekosea nini. Badala yake jioni ile tenki lilikuwa linawaka, baba mkwe akasimama mbele yake akauliza hivi humu kuna maji kweli, nikavimba kichwa, nikawamwagia chakula mara mbili ya kawaida ili warukeruke wageni waone. Kumbuka hicho chakula, tutakirudia.

Kesho yake wakawa wazito. Keshokutwa wote wako juu, midomo imebana uso wa maji wanahema, matamvua mekundu, demasoni wamepauka mpaka mistari haionekani, mapezi wameyakunja. Nikampigia yuleyule muuzaji. Hata hakuuliza swali moja, aisee hata moja! "Hiyo fangasi bosi, njoo chukua dawa ya bluu." Nikaenda, nikalipa, nikamimina. Hiyo dawa ya bluu inaua na bakteria wazuri wa filta, kwa hiyo hata wale wachache waliosalimika kwenye nyufa za mawe nikawamaliza kwa mkono wangu, tena kwa risiti. Silikoni ya kona za tenki ni ya bluu mpaka leo, imegoma kutoka. Nikampigia tena, akasema basi mwaga yote osha upya dawa haijashika. Nikamwaga. Asubuhi nikakuta wamelala chini, kundi zima, na vifaranga.

Unadhani niliishia hapo? Nilirudi dukani, akanipa pole, akaniuzia wengine. Na mfuko wa kubebea akanipa bure, nikamshukuru. Hao nao hawakumaliza wiki.

Sina ugomvi na mtu asiyejua, kila mtu kuna kitu hajui. Ugomvi wangu ni na mtu asiyejua halafu anauza. Tena siku hizi kuna wale wa video, jamaa kavaa glavu, kashika bomba la presha anapiga sponji ya filta mpaka povu linaruka, chini komenti mia "safi sana kaka", na hakuna anayerudi baada ya wiki kuonyesha samaki wako wapi. Halafu kuna maboksi ya filta yameandikwa badilisha katriji (kile kichujio cha ndani) kila mwezi. Mkuu, aliyeandika hivyo anauza katriji.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja anafuga miaka mingi, nilimwelezea hadithi yangu ndefu ya fangasi na dawa na mkosi, akanikatisha kwa swali moja tu: sponji uliosha na nini?

Iko hivi. Samaki anatoa amonia muda wote, nyingi inatokea kwenye matamvua, na chakula kilichobaki kikioza nacho kinatoa amonia hiyohiyo (hapo ndo kile chakula cha wageni kinaporudi). Amonia inaunguza matamvua. Kwenye ziwa maji ni mengi hadi hana shida, kwenye tenki lako haina pa kwenda. Kinachomwokoa ni bakteria waliojishika kwenye sponji, kwenye mawe na kwenye mchanga: kundi moja linaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, inaharibu damu ya samaki isibebe oksijeni, ndo maana unamwona anahema juu hata kama pampu ya hewa inachemka mapovu, na kundi lingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji kidogo kidogo. Hawa bakteria wanazaana polepole mno, wale wa kawaida wa kuozesha vitu wanajizidisha kwa dakika, hawa wanachukua masaa mengi, wakati mwingine zaidi ya siku. Tenki jipya linahitaji kama wiki 4 hadi 6 wakae sawa. Na klorini kwenye maji ya bomba imewekwa kuua bakteria, hiyo ndo kazi yake, haichagui wa kipindupindu na wa filta yako.

Kwa mbuna ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu wao wanataka maji yenye pH (kipimo cha uasidi, 7 ndo katikati) ya juu, kama 7.8 mpaka 8.5, na mimi nilikuwa nimejaza makombe ya pwani humo kuipandisha. Sasa kwenye pH 7 amonia ile kali yenyewe haifiki hata asilimia moja ya amonia yote iliyomo, ikifika pH 8 ni kama asilimia 5 na joto la Dar linaiongezea. Kwa hiyo amonia ileile ambayo gapi wa mtu mwingine wangeumwa nayo wakapona, wangu iliwachinja. Na wewe kama unatumia maji ya kisima ya huku kwetu usijidanganye, mengi ni magumu, yana chokaa, na pH iko juu, pima.

Sasa turudi kwako. Wiki tatu ndo uko katikati ya mto. Bakteria wa kwanza wameanza kukaa, wa pili bado wanajikusanya, na wewe unataka kuwapeleka bombani. Ule ukungu mweupe ni bakteria wa aina nyingine wanaoelea, wanachanua kwenye tenki jipya wakikuta chakula kingi, wanaondoka wenyewe, na ukimwaga maji yote unawaanzishia sherehe upya. Uache. Punguza chakula, tena kwa siku mbili hizi usiwape kabisa, samaki mzima hafi kwa kukosa kula siku mbili. Toa maji robo mpaka asilimia 30 tu, uweke yaliyolala kwenye ndoo ya wazi angalau siku moja huku pampu ya hewa inapiga, au tumia dawa ya kuondoa klorini, hiyo ni bora zaidi kwa sababu kuna maji yanatibiwa kwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) na hiyo hailali ikaondoka.

Sponji kama bado inapitisha maji usiiguse. Narudia usiiguse. Ikianza kuziba, yale maji uliyotoa kwenye tenki yaache kwenye ndoo, iminye humo mara mbili tatu, tope likitoka rudisha. Itabaki kahawia. Ndiyo, itabaki kahawia, usiionee aibu, mkwe wako haji kuangalia sponji. Ikizeeka ikaanza kumomonyoka nunua mpya uiweke pamoja na ya zamani mwezi mzima ndo utoe ya zamani. Mawe usioshe siku moja na sponji. Na dawa yoyote usiweke kabla hujapima amonia na nitriti, kile kifurushi cha vichupa na rangi kina bei ndiyo, ila ni rahisi kuliko kundi la demasoni, amini mimi.

Kuna na umeme. Ukikatika masaa mengi hao bakteria wanakosa oksijeni, hasa kwenye filta ya kufungwa (ile ya chombo kinachokaa nje ya tenki), wanaanza kufa humo ndani maji yanaoza, umeme ukirudi filta inautapika uozo wote kwenye tenki kwa mkupuo. Ukiona umekatika na haurudi, toa sponji uiweke ndani ya tenki lenyewe, na tafuta ile pampu ya hewa ya betri. Ukirudi, maji yaliyobaki ndani ya filta mwaga, minya sponji kwenye maji ya TENKI, rudisha. Jirani yangu alivyoambiwa hivyo akaisuuza kwanza bombani "kidogo tu itoe harufu". Hakuna kidogo tu!

Hita, kwa Dar sahau, maji ya tenki muda mwingi yanakaa ya uvuguvugu yenyewe, shida yako itakuwa joto kuzidi sio baridi, kwa hiyo hewa iwe ya kutosha maana maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo. Angekuwa mtu wa Njombe au Lushoto ningemwambia anunue leo. Ila hata huyo wa Njombe sponji yake haioshwi bombani.

Nenda kanunue hicho kipimo kabla ya Jumamosi. Pima amonia, nitriti na pH asubuhi, maji yakiwa bado hujayagusa, weka namba zote tatu hapa na uandike ni maji ya bomba au ya kisima. Na kama muuzaji wako amekupa kachupa ka bluu tayari, kaache kabatini kwanza.