Mtaa wa kulelea watoto Columbus: anza na ramani hii

Dada, umeuliza utajuaje mtaa upi wa mji wa Columbus, Marekani, utawafaa wanao kabla mkataba wa nyumba haujaisha. Fungua Opportunity Atlas. Ni ramani ya bure mtandaoni, iliyotolewa mwaka 2018 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na Ofisi ya Sensa ya Marekani. Walifuatilia watu wapatao milioni 20 waliozaliwa kati ya 1978 na 1983, wakalinganisha walikokulia na kipato chao ukubwani.

Usitosheke na rangi za jumla. Chagua kwanza watoto wa wazazi wa kipato cha chini, maana ndiyo hali yenu kwa sasa, kisha sogeza karibu mpaka uone vipande vidogo vyenye wakazi kama 4,000 kila kimoja. Utakuta mitaa inayopakana kabisa, lakini watoto wa upande mmoja wamefika mbali kuliko wa upande wa pili. Upande ambao watoto wamefika mbali na kodi yake unaimudu, hapo ndipo pa kutafuta nyumba.

Ila hao walikua zamani, na mitaa hubadilika. Chagua mitatu, halafu ingiza anwani ya kazini kwako kwenye Google Maps, weka basi na saa unayotoka zamu. Kama usiku hakuna basi la kukurudisha, achana na mtaa huo hata ramani iusifu vipi. Nenda pia ukaulize shuleni kama wana walimu wa kuwasaidia watoto wanaojifunza Kiingereza.

Na usichelewe kwa ajili ya huyo mwanao wa miaka minne. Utafiti wa hao waliotoa ramani ulionyesha kwamba anayehamia mtaa mzuri akiwa mdogo hunufaika zaidi.