Wasomaji Wauliza: Sungura wa porini na mitego shambani

Nimeajiriwa kwenye shamba la nafaka Norfolk, England. Tajiri wangu anataka nitege sungura wanaomaliza ngano changa pembeni mwa shamba. Sitaki kuingia matatani na sheria ya watu. Ninaruhusiwa? – Msomaji, Norfolk

Unaruhusiwa, ila dai karatasi. Sheria ya England ya mwaka 1880 inampa anayelitumia shamba, hata akiwa mpangaji, haki ya kukamata sungura waliomo. Anaweza pia kumruhusu mfanyakazi wake, lakini kwa maandishi. Barua fupi inatosha: jina lako, mipaka ya shamba, tarehe na sahihi yake. Itembeze mfukoni kila unapokwenda kwenye mitego.

Tajiri wako naye ana wajibu. Tangu 1972 karibu England yote imetangazwa eneo la kupunguza sungura, na mwenye shamba anatakiwa awadhibiti au azuie wasiharibu mali ya jirani.

Tumia mtego wa kizimba, unaomkamata mnyama akiwa hai. Mitego ya chuma yenye springi lazima iwe ya aina iliyoidhinishwa, na kwa sungura itegwe ndani ya mdomo wa shimo lao. Kuitega nje, uwanjani, ni kosa. Vitanzi vya waya tunakushauri uviache kabisa. Wales imevipiga marufuku tangu Oktoba 2023 na Uskoti tangu Novemba 2024, na hiyo ina sababu: kitanzi hakimjui sungura wala paka wa jirani.

Nina vizimba sita, nimeweka karoti, wiki nzima sijapata kitu. Kosa liko wapi? – Msomaji, Lincolnshire, England

Mara nyingi kosa ni haraka. Sungura akikuta kitu kigeni kwenye malisho yake hukizunguka kwa siku kadhaa kabla ya kukisogelea, na mtego uliotegwa usiku wa kwanza humfundisha kuuogopa tu.

Anza na mahali. Tafuta majani yaliyoliwa hadi kuwa mafupi kama zulia, yenye vinyesi vya mviringo, kati ya mashimo na mazao. Weka kizimba mita mbili au tatu kutoka kwenye kichaka, kamwe si juu ya shimo lenyewe. Kikandamize hadi kisitikisike ukikigusa, kisha nyunyiza udongo na majani juu ya sakafu ya waya, kwa sababu sungura hapendi kukanyaga waya mtupu. Acha mita thelathini hadi hamsini kati ya kizimba na kizimba.

Sasa funga mlango kwa waya ubaki wazi, na uwalishe bure. Kata karoti vipande vya sentimita mbili. Weka vitano au sita nje kwa mstari unaoelekea mlangoni, na konzi moja ndani kabisa, nyuma ya kikanyagio, yaani kibao ambacho sungura akikikanyaga mlango huanguka. Badilisha kila jioni. Zikianza kuliwa za ndani usiku tatu au nne mfululizo, ndipo utege. Kazi hii huchukua siku saba hadi kumi na nne, na hakuna njia ya kuifupisha.

Kisha soma dalili. Karoti za nje zikiliwa na za ndani zikabaki, bado wanaogopa: endelea kulisha. Za ndani zikiliwa na mlango haukuanguka, chunguza kikanyagio. Huenda udongo umekaza chini yake, au chambo kiko karibu na ukuta na mnyama anakivuta kutoka nje. Mlango ukianguka na kizimba ni kitupu, kinatikiswa na upepo au ni kifupi mno. Kizimba kiwe na urefu wa sentimita 75 au zaidi, ili mlango uangukie nyuma ya sungura, si mgongoni mwake.

Msimu nao una nguvu. Kiangazi cha England, Juni hadi Agosti, majani mabichi yamejaa kila mahali, nani atahangaikia karoti? Tega Novemba hadi Februari. Kuanzia masika majike wengi wana watoto wachanga shimoni, vipofu na bila manyoya, na ukimkamata mama utawaua kwa njaa usiyoiona. Hilo peke yake lingetosha kutuzuia kutega wakati huo.

Tega jioni, kagua alfajiri, kila siku bila kukosa. Funika nyuma ya kizimba kwa gunia ili aliyekamatwa apate kivuli na asinyeshewe. Kama kesho hutaweza kufika, funga milango yote leo.

Nikishamkamata nimpeleke msituni nikamwachie? – Msomaji, Norfolk

Hapana. Unamhamishia mwenzako hasara, unaweza kueneza magonjwa, na mnyama aliyetupwa pasipo shimo lake hana maisha marefu. Ukitega, umekubali kuua, na kuua huko kuwe kwa haraka. Sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006 inamlinda sungura tangu anapokuwa mikononi mwako.

Ambatisha gunia kwenye mdomo wa kizimba, fungua mlango, atakimbilia gizani. Mshike humo ukiwa na glavu. Njia ya kawaida ni kumtengua shingo kwa mvuto mmoja, lakini usiisome kwenye gazeti, hata hili. Jifunze kwa mtu mwenye uzoefu akikusimamia. Kumzamisha majini ni ukatili.

Aliyevimba macho na kope ana miksomatosisi, ugonjwa wa virusi unaoua sungura. Muue upesi, usimle. Kumtumia mgonjwa kuambukiza wengine kwa makusudi ni kosa la jinai. Aliye mzima mtoe matumbo mapema na uangalie ini. Likiwa na madoa meupe, litupe.

Kalunguyeye au ndege akinaswa, mwachie papo hapo. Kindi wa kijivu ni kinyume: sheria hairuhusu kumwachia.

Huku kwetu Nyandarua sungura wanakata maharage yakiwa na majani mawili tu. Naweza kutega nyaya? – Mkulima, Kenya

Usitege, ndugu yetu. Kenya ilifunga uwindaji 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza hata uwindaji wa kitoweo. Tanzania pia, chini ya sheria ya 2009, mnyamapori ni mali ya umma popote alipo, na humgusi bila kibali. Kitanzi cha waya kitamnasa digidigi, mbuzi wako au mbwa wa jirani.

Hata mbinu za England zisingekufaa. Wale wa kwao huchimba mashimo. Sungura wako wa porini hachimbi shimo la kuishi, hulala juu ya ardhi kwenye majani, kwa hiyo huna mdomo wa shimo wa kumvizia. Watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Ukiwakuta peke yao nyasini hawajaachwa. Mama hurudi kunyonyesha. Waache.

Kwanza hakikisha mwizi ni nani. Sungura hukata shina safi, mshazari, kama kwa wembe. Digidigi hana meno ya mbele juu, hivyo hurarua.

Kisha zungushia wavu wa kuku wenye matundu yasiyozidi sentimita tatu. Nunua wenye upana wa mita 1.2: mita moja isimame, na sentimita 20 uzikunje chini kuelekea nje, uzikandamize kwa mawe. Mkunjo ukielekea ndani, umepoteza pesa, maana hupenya kwa kuparura pale wavu unapokutana na ardhi. Weka nguzo kila mita tatu. Mlango nao usiache mwanya wa zaidi ya sentimita tatu chini; hapo ndipo nyua nyingi hushindwa.

Maharage yakishakomaa shina, wavu unaweza kuhamia kitalu kingine. Hasara ikizidi, wapigie maafisa wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) walio karibu nawe kabla hujafanya lolote kwa mnyama mwenyewe.