Uliza Fundi: Linux ndogo ndani ya simu

SWALI: Salam aleikum fundi. Niko Kisauni, nasomea kompyuta na lapitopu sina, nina simu tu ya Android ram 4. Niliweka Termux, ile app ya kuandikia amri za Linux, nikaweka Alpine, hiyo Linux ndogo, kwa proot-distro ikaingia chap chap, lakini Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya makontena, yakataa kabisa kuwaka. Rafiki yangu aniambia lazima niruti simu, yaani nijipe mamlaka yote ya mfumo wake, ni kweli? Na QEMU itaweza simu hii?

JIBU: Wa aleikum salam. Usiruti kitu, ndugu yangu, hebu tuliza moyo. Hiyo Alpine ya proot haina kerneli yake, yaani kile kiini cha mfumo, yatumia ileile ya Android, na Docker yataka cgroups na namespaces, vitu vya kerneli vya kugawa na kutenga prosesi, ambazo simu haikupi bila root, tena simu nyingi hata ukiiruti wapata kerneli yenyewe haikujengwa na vitu vyote hivyo. QEMU ni mambo mengine, yakuundia kompyuta nzima ya bandia yenye kerneli yake, Docker waiweka humo ndani na Android haina habari.

Sasa ubaya wake. Bila root QEMU haipati KVM, ile njia ya kerneli ya kuitumia prosesa moja kwa moja, kwa hivyo kila amri ya prosesa yabidi itafsiriwe kwa programu, na hapo ndipo uvivu unapoanzia, wallahi ukiwasha waweza kwenda kununua mahamri na mbaazi urudi uikute bado yapanga zile ok ok zake. Kwa kujifunza yatosha. Kwa kazi ya watu, hapana.

Termux yako iwe ya F-Droid, lile duka la app huria, kisha pkg install qemu-system-x86-64-headless na qemu-utils, halafu shusha ISO, yaani faili la kuwekea mfumo, ya Alpine iliyoandikwa virt, haifiki MB 100 kwa hivyo bando halitalia sana. Diski ya bandia itengeneze ya aina ya qcow2, ukiiandikia GB 4 haizimezi zote papo hapo, yakua kadiri unavyoweka vitu. Ukiwasha QEMU ipe -m 1024, ndiyo ram kwa MB, na -nographic, yaani maandishi tu bila dirisha la picha, ingia kama root, paswadi hakuna, uandike setup-alpine. Sasa hapa ndipo wengi huumia: ikikuuliza diski itumikeje jibu sys, maana ile ISO yaishi ndani ya ram, ukiruka hapo kila ulichoweka kitapotea ukizima. Ukishawasha kutoka diskini, fungua /etc/apk/repositories, orodha ya mahali Alpine huchukua programu, utoe alama ya # kwa mstari wa community, apk update, apk add docker, basi.

Toa kava la simu pia, joto letu hili la Mombasa na prosesa inayokimbia hivyo havipatani. Na ukiona Termux imekatika yasema signal 9 usimlaumu Alpine, ni Android, kuanzia 12 huua prosesi za pembeni zikizidi 32 ama zikila prosesa sana.

Lakini kama ni bash, python na git tu, baki na proot yako, QEMU ni kujitesa bure.

SWALI: Nimenunua lapitopu ya mtumba Mwembe Tayari, ram 4, VirtualBox, ile ya kuundia kompyuta ya bandia, yanionyesha 32-bit peke yake. Nimepigwa?

JIBU: Hujapigwa, pengine VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha kompyuta ya bandia, imezimwa tu. Ingia BIOS, ile mipangilio ya kabla mfumo haujawaka, itafute kwa jina la Virtualization Technology, iwashe, hifadhi mabadiliko halafu uwashe lapitopu upya. Alpine ipe ram ya MB 512 na usiweke desktop, utafungua na brauza pembeni bila shida.