Waini tamu ya zamani kwenye sherehe ya wazazi, tuanze na chupa gani?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Wazazi wetu wanatimiza miaka 40 ya ndoa, watoto na wakwe tumejichanga tukapata chupa mbili, Sauternes ya Ufaransa na Tokaji Aszú ya Hungaria, alafu mjomba ametoa port ya Ureno ya 1985 aliyoitunza muda wote. Tutakuwa watu 12. Tuonje kabla ya keki au pamoja na keki, na hiyo ya mjomba bado inanyweka kweli?

JIBU: Hongera kwa wazee, na mjomba mumshukuru sana maana 1985 ni mwaka mzuri wa port, na kama chupa ililazwa sehemu yenye giza na ubaridi basi inanyweka tena vizuri mno. Port hutiwa spiriti ya zabibu kabla haijamaliza kuchacha, hamira inakufa sukari inabaki, kilevi kinafika kama asilimia 20, ndo maana inakaa miaka mingi hivyo. Ila ina mashapo. Isimamisheni tangu jana yake, kizibo mkivute taratibu kwa sababu cha umri huo kinamegeka, kisha mmoja amimine polepole kwenye jagi huku mwingine anamulika tochi nyuma ya shingo ya chupa, mkiona tope jeusi linakaribia shingoni hapo hapo acheni, kilichobaki chini si cha kunywa.

Anzeni na Sauternes, ifuate Tokaji, port iwe ya mwisho, mkianza na port zile mbili hamtazisikia tena. Zote mbili zinatokana na zabibu zilizoshikwa na ukungu uitwao Botrytis cinerea, unatoboa ganda, maji yanapungua na sukari inabaki imekolea, Tokaji Aszú inaanzia gramu 120 kwa lita lakini ina ukali kama wa ndimu unaofanya isichoshe mdomo. Ziwe za baridi, nyuzi 10 hadi 12 hivi, msizigandishe maana harufu ya asali na maganda ya chungwa itapotea yote.

Sasa keki. Waini ikizidiwa utamu na keki inageuka chachu mdomoni, kwa hiyo kama keki imejaa aisingi onjeni kabla ya kukata, na mimi ningefanya hivyo tu. Sauternes jaribuni na jibini la bluu kama Roquefort, chumvi na utamu vinavyokutana pale ni raha kabisa, chokoleti nyeusi iachieni port.

Mimineni mililita 50 kwa mtu, kwa watu 12 ni 600 na chupa ya kawaida ni 750, ila angalieni Sauternes yenu maana nyingi huuzwa nusu chupa ya 375, hiyo itabidi mpunguze iwe 30, na Tokaji Aszú kwa kawaida huja kwenye chupa ya 500, hiyo iwe 40. Wasiotumia kilevi waandalieni chao mapema. Port imalizeni siku hiyo au kesho yake, hizo nyingine zifungeni zirudi friji, zinakaa hata wiki.